Mahali pa Sifuri

Kijojia hukwea namba kama mbuzi akweavyo jabali,
ishirini kwa ishirini.
Tisini na saba kwetu ni ishirini nne na kumi na saba,
na Gegi, mwenye masikio makali kuliko wote darasani,
akaandika themanini, kisha kumi na saba ubavuni mwake:
8017.
Nikacheka. Heri nisingecheka.
Alikuwa ameandika kila nilichotamka, hakuiba hata sauti moja.

Hapa Racha, theluji ikishaifunga barabara ya Oni,
vitabu vipya hubaki bondeni,
na mkaguzi pia, Mungu ashukuriwe.
Nina watoto tisa, jiko la chuma
na kuni.
Basi tukahesabu kuni.

Vijiti vyembamba, vya kuwashia. Kumi, funga.
Kumi, funga. Uzi wa sufu mwekundu
niliufumua kwenye sweta la marehemu mume wangu,
mkono wa kushoto, ambao nondo walishauanza.
Mafungu kumi, kapuni. Kapu ni mia.
Tekla akauliza makapu kumi tutayaweka wapi.
Nikamwambia ndiyo maana watu walibuni elfu.

Mamoja kulia, makumi katikati, kapu kushoto.
Kijiti ni kijiti, nikasema, cheo chake ni pale kinapokaa:
mbili ya pembeni haichemshi birika,
mbili ya kapuni itatupasha moto hadi Ijumaa.

Ikaja mia mbili na saba.
Makapu mawili. Katikati meza tupu. Vijiti saba.
Gegi akaandika 27, akaweka chaki chini kama aliyemaliza kulima.
"Makumi hayapo, mwalimu. Kisichopo nakiandikaje?"
Miaka thelathini na mmoja nafundisha.
Nilifungua mdomo, kengele ikanisitiri.

Jioni nikampelekea bibi yake, Domna, dawa ya kifua.
Mezani sahani tatu, walaji wawili.
Nikavuta kiti cha katikati nikae.
"Hapo hapana," akasema Gegi, kichwa hakuinua. "Hapo pa mama."
Mama yuko Bari, anamwogesha ajuza wa watu,
mwaka wa pili sasa. Sahani huoshwa kila usiku,
ingawa haikuliwa.
Nikakaa kwenye gogo karibu na moto.

Sikuitumia sahani ile darasani. Naapa.
Iko mifano ambayo mwalimu hana haki nayo.
Kesho yake niliandika tu 27 na 207, nikanyamaza,
naye akazitazama hadi chai yangu ikapoa.
Akainuka. Akaikoleza ile sifuri, mviringo mkubwa, wenye ukingo,
akawaambia wenzake:
"Ukiiondoa, wote wanasogea."

Wiki nzima baada ya hapo alitia sifuri kila mahali.
Kumi na mbili ikawa 102,
chumvi dukani kwa Valiko ikapanda bei hadi mbinguni.
Nikamwacha. Aliyejifunza kutunza nafasi
huzitunza hata zisizoombwa.

Februari simu ikalia: siku mia moja na nane, mama anarudi.
Gegi akaomba kapu moja na vijiti vinane.
Kila asubuhi, kimoja motoni.
Siku ya tisa akasimama mbele ya kapu; kilicho huru hakuna.
"Nikifungua, mwalimu, siku zitaongezeka?"
"Hapana."
"Zitapungua?"
"Moja tu, ile utakayoichoma."
Akamwaga mafungu kumi mezani, akayahesabu mara mbili, haniamini,
akafungua moja kwa meno.
Uzi akautia mfukoni.
Jiko likapokea.
"Ishirini nne na kumi na tisa," akasema, polepole,
na mkono wake ukaandika 99.